Gari linamisi: zisome plagi na waya zake kabla ya kuzitupa

Injini ya petroli inayomisi, yaani ambayo silinda yake moja au zaidi haiwaki inavyopaswa, haijifichi. Ukisimama usukani unatetemeka mkononi, ukikanyaga mafuta gari linasita kidogo ndipo livute, na sauti ya ekzosi inakatika badala ya kwenda kwa mfululizo. Wengi wakifikia hapo hununua plagi mpya, vile vifaa vinavyowasha petroli kwa cheche ndani ya silinda, wakazifunga, gari likitulia zile za zamani zinaishia kwenye debe la taka. Nakusihi usifanye hivyo. Plagi ni moja ya sehemu chache za injini zinazokaa ndani kabisa ya moto na bado unaweza kuzitoa mwenyewe nyumbani na kuzishika mkononi. Inatoka na habari za silinda yake. Ukiitupa bila kuisoma, huenda umeondoa dalili tu, na chanzo kimebaki pale pale kikisubiri kuziua zile mpya.

Kwanza hakikisha gari lako linatumia petroli. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Zilizomo ni za kupasha joto, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Linamisi wakati gani?

Kabla hujashika spana, endesha gari na usikilize. Wakati linapomisi ni nusu ya jibu.

Likimisi unapopanda mlima au unapokanyaga mafuta ghafla ukiwa gia kubwa, anza na plagi, waya zinazozipelekea umeme, na koili inayouzalisha umeme huo. Sababu yake inafaa kueleweka. Cheche huruka kwa shida zaidi kadiri mgandamizo ndani ya silinda unavyoongezeka, na unapokanyaga mafuta ndipo silinda inajaa hewa nyingi. Plagi iliyolika ina pengo pana kati ya ncha zake mbili (elektrodi), kwa hiyo inadai volti nyingi zaidi kuliko ilipokuwa mpya. Umeme huo, ambao kwa kawaida ni volti 10,000 na kuendelea, ukishindwa kuruka kwenye pengo hutafuta njia rahisi: kwenye ufa wa waya, kwenye mpira uliochoka wa kofia ya waya inayofunika plagi, au juu ya kauri chafu. Ndiyo maana gari linaweza kunguruma vizuri limesimama, kisha likakusumbua mlimani.

Kinyume chake, likitetemeka likiwa limesimama tu na kutulia ukiongeza mwendo, usikimbilie plagi. Tafuta mpira wa hewa uliopasuka au kuchomoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Hewa inayopenya kwa wizi ni nyingi kwa injini inayonguruma taratibu, lakini injini ikivuta hewa nyingi ile ya wizi haionekani. Valvu isiyofunga vizuri nayo huleta dalili zinazofanana na hizo.

Asubuhi zenye unyevu, siku za mvua, au baada ya kuosha injini: hapo waya ndizo za kwanza kushukiwa, pamoja na kofia ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi) kwa magari yaliyo nayo. Likianza vizuri asubuhi na kumisi baada ya kupata moto, shuku koili. Nyingi zilizokaribia kufa hufanya kazi zikiwa baridi na kushindwa zikichemka.

Gari lenye kompyuta litawasha taa ya injini na kuhifadhi kodi, yaani namba ya hitilafu inayosomwa kwa mashine. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea hivyo. P0300 maana yake linamisi bila kuchagua silinda moja, na hapo tatizo mara nyingi ni la pamoja: petroli, hewa, au plagi zote zimechoka kwa wakati mmoja. Taa ikiwa inapepesa, punguza mwendo na usimame mahali salama mapema uwezavyo. Petroli ambayo haikuungua inakwenda kuungulia ndani ya katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), ambayo huweza kuyeyuka ndani kwa joto hilo, na katalisti ni ghali mara nyingi kuliko seti nzima ya plagi.

Kuitafuta silinda yenye shida

Njia ya zamani ilikuwa kuchomoa waya moja moja injini ikiwa inanguruma, ukisikiliza ni ipi ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika. Sikushauri uifanye. Utapigwa shoti kali, na umeme uliokosa pa kwenda unaweza kuharibu koili au moduli inayoiendesha. Aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asisogelee kabisa injini inayonguruma huku waya za plagi zimeguswa. Kwenye gari la injekta (vinyunyizia petroli), chomoa soketi ndogo ya umeme ya injekta moja kwa wakati. Silinda inayofanya kazi ikikatiwa petroli, mngurumo unashuka papo hapo. Ile ambayo ukiikatia hakuna tofauti, ndiyo ambayo haikuwa inafanya kazi.

Ukishaijua, hamisha vitu. Sema silinda ya 2 ndiyo inayomisi. Zima injini, iache ipoe, chukua plagi ya 2 ipeleke 3, na ya 3 ilete 2. Shida ikihamia 3, ni plagi. Ikibaki 2, hamisha koili kama gari lako lina koili moja kwa kila silinda, kisha ujaribu tena. Waya zina urefu tofauti na si rahisi kuzihamisha, kwa hiyo hizo tutazipima. Kila kitu kikihamishwa na shida ikang'ang'ania silinda ile ile, umeme hauna hatia: ni injekta, au ni mgandamizo.

Kuna mtego mmoja hapa. Magari mengi ya silinda nne yasiyo na distribyuta lakini yenye waya hutumia koili moja kwa silinda mbili, ya 1 na ya 4 pamoja, ya 2 na ya 3 pamoja. Umeme unapita plagi moja na kurudi kupitia nyingine. Basi ukiona silinda mbili za jozi hiyo zinamisi kwa pamoja, usidhani plagi mbili zimekufa siku moja. Anza na koili yao, halafu pima waya zao mbili, kwa maana waya moja iliyokatika inaweza kuzisumbua zote mbili.

Toa plagi, zipange, zisome

Injini iwe baridi, ya kushikika kwa kiganja. Silinda hedi nyingi ni za alumini, na plagi ikifunguliwa hedi ikiwa moto inaweza kutoka na thredi zake. Puliza mchanga na vumbi kwenye shimo la plagi kabla ya kufungua. Punje moja ikidondokea ndani itakwaruza silinda. Shika kofia ya waya yenyewe, izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka iachie, ndipo uvute. Ukivuta kwa waya utaukata uzi wa ndani, na kwa nje hutaona kitu.

Tumia soketi ya plagi yenye mpira ndani. Saizi zinazokutwa sana ni 14, 16 na 21. Plagi ikigoma katikati ya safari, usilazimishe. Irudishe ndani robo mzunguko, weka tone la mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha endelea mbele na nyuma hivyo hivyo. Nimeona hedi ikiharibika kwa haraka ya dakika mbili, na ukarabati wake ukachukua siku nzima.

Panga plagi juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda na uziandike namba. Sasa ziangalie, hasa ncha ya kauri iliyokuwa ndani ya moto.

Rangi ya udongo mkavu, au kijivu inayoelekea kahawia, ni afya. Ikiwa elektrodi ya kati imekuwa duara badala ya kuwa na kingo kali, plagi imemaliza umri wake kwa heshima, na hapo kubadilisha peke yake kunatosha.

Masizi meusi makavu, yanayofutika kwa kidole kama ya kibatari, yanasema mafuta ni mengi kuliko hewa au cheche ilikuwa dhaifu. Zikiwa zote nne nyeusi hivyo, angalia filta ya hewa kwanza, kisha sensa ya joto la maji na sensa ya oksijeni. Safari fupi fupi za injini isiyopata moto pia hufanya hivyo. Ikiwa ni moja tu kati ya nne, rudi kwenye waya au koili ya silinda hiyo, au injekta inayovuja.

Plagi iliyolowa na kunuka petroli haikuwaka kabisa. Plagi iliyolowa kitu cheusi kizito chenye utelezi imelowa oili, na hapa inabidi kutofautisha mahali ilipo. Oili iliyo juu, kwenye kauri ya nje na ndani ya kofia ya waya, imetoka kwenye sili za mashimo ya plagi chini ya kifuniko cha valvu. Hiyo ni kazi ndogo ya gasketi, ingawa isipofanywa oili huozesha mpira wa kofia mpya uliyonunua juzi. Oili iliyo chini, kwenye ncha, imepitia ringi za pistoni au sili za valvu. Plagi mpya itakupa nafuu ya muda, kisha italowa tena. Moshi wa bluu ukionekana nyuma ya gari, hasa unapowasha baada ya kulala usiku kucha, umepata shahidi wa pili.

Nyeupe yenye malengelenge au vijipunje vya chuma kilichoyeyuka ni ishara ya kuogopesha. Silinda imechemka kupita kiasi: mafuta kidogo, taiming (wakati wa cheche) iliyotangulia mno, upozaji wa injini unaosuasua, au plagi yenyewe ni ya daraja la joto (kasi yake ya kutoa joto nje) lisilofaa. Usifunge mpya na kuondoka. Injini inayoendelea hivyo huishia kutoboka pistoni.

Ukikuta plagi tatu zina rangi ya kawaida na moja imeng'aa safi kana kwamba imeoshwa kwa mvuke, huenda imeoshwa kwa mvuke kweli. Maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda hiyo, na gasketi ya hedi ndiyo mtuhumiwa. Pima kiwango cha maji kwa siku chache kabla ya kutumia fedha kwa kingine. Wengi huipenda plagi hiyo kuliko zote kwa usafi wake, kumbe ndiyo inayobeba habari mbaya zaidi mezani.

Rangi nyekundu au ya kutu kwenye ncha hutokana mara nyingi na viongezi vilivyomo kwenye petroli, na ikizidi husababisha kumisi.

Mwisho kwa upande wa nje. Duara la kahawia kwenye kauri, pale inapokutana na chuma, huwatisha watu wakidhani gesi inavuja. Halina neno. Umeme mkali hunasa chembe za oili hewani na kuzigandisha pale. Tofautisha na mstari mwembamba mweusi unaoshuka kwa urefu kutoka juu ya kauri hadi kwenye chuma. Huo ni njia ya umeme uliokuwa unatoroka nje ya plagi. Plagi hiyo imekwisha, na kofia iliyoivaa imekwisha nayo, kwa sababu mstari kama huo umechorwa pia ndani ya mpira. Ukibadilisha kimoja, kilichobaki kitaharibu kingine.

Waya

Subiri giza, fungua boneti, washa injini, na unyunyize maji kwa chupa ya ukungu juu ya waya huku mikono ikiwa mbali. Waya mbovu itaonyesha cheche za bluu zikirukia chuma, na utasikia mlio wa tik-tik. Ni jaribio la gharama ya maji tu, na linaonyesha kitu ambacho mchana huwezi kukiona.

Kisha pima kwa multimita, injini imezimwa na waya imechomolewa pande zote mbili. Waya za magari ya siku hizi zimewekewa ukinzani makusudi ili redio isikwaruze, kwa hiyo usishtuke kuona maelfu ya omu. Waya ndefu inasoma zaidi kuliko fupi. Kikomo kinatolewa na mtengenezaji. Kwa Toyota nyingi za distribyuta, kwa mfano, ni kilo-omu 25 kwa waya moja. Mimi hujali zaidi waya inayopishana sana na wenzake, au inayobadilisha namba unapoikunja. Isiyosoma chochote imekatika ndani. Lakini waya inayosoma vizuri bado inaweza kuvuja kupitia ganda lililopasuka, na ndiyo sababu jaribio la gizani linatangulia.

Badilisha seti nzima, moja baada ya nyingine: toa ya zamani, ilinganishe urefu na mpya, funga, ndipo ugeukie inayofuata. Ukizing'oa zote kwa mpigo utalazimika kujua mpangilio wa kuwaka. Kwa injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari ni 1-3-4-2, na sita za mstari 1-5-3-6-2-4, ila zipo zinazotofautiana. Rudisha kila waya kwenye vishikio vyake vya plastiki. Waya inayolalia ekzosi itaungua ganda.

Kufunga mpya

Nunua plagi kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, usifuate kufanana kwa macho. Iliyo ndefu kuliko inavyotakiwa inaweza kugongwa na pistoni. Namba ya daraja la joto nayo ina mtego wake: kwa NGK na Denso namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch na Champion namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Kubadili kampuni kwa kubahatisha namba kunaweza kukupeleka upande usioutaka. Za nikeli hubadilishwa kwa kawaida baada ya kilomita 30,000 hadi 50,000. Za iridiamu nyingi zinafika 100,000.

Pima pengo hata kama boksi linasema limeshapimwa. Magari mengi yanataka kati ya milimita 0.7 na 1.1, na kitabu chako kitasema ipi. Kwa plagi ya nikeli unakunja elektrodi ya pembeni taratibu. Ya iridiamu pima kwa uangalifu bila kuegemea ncha ya kati, ambayo ni nyembamba na huvunjika. Plagi iliyoanguka sakafuni usiifunge. Ufa wa kauri huwezi kuuona.

Anza kuizungusha kwa vidole. Shimo likiwa la kina, chomeka kipande cha mpira wa petroli juu ya plagi na uzungushe kwa huo. Ikiingia upande, mpira utateleza kabla thredi hazijaliwa. Ikishagota, kaza. Ya thredi za milimita 14 kwenye hedi ya alumini hukazwa kwa nyutoni mita 25 hadi 30, ya milimita 12 kwa 15 hadi 20. Bila spana ya torki, plagi mpya yenye washa inakazwa nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko baada ya kugota, ile iliyokwisha kutumika inakazwa pungufu sana ya hapo, na ile isiyo na washa yenye kiti cha mshazari ni sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko tu. Grisi ya kuzuia thredi zisigande haihitajiki kwa plagi zenye mpako; inateleza na kukufanya ukaze kupita kiasi. Kinachofaa ni grisi ya silikoni, tone dogo ndani ya mdomo wa kofia, ili siku nyingine itoke kwa amani. Sukuma kofia mpaka usikie au uhisi imegota.

Umefunga, na sasa ni vibaya zaidi

Likikohoa, likilipua kwenye filta ya hewa au likakataa kuwaka, waya mbili zimebadilishana. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na linaondoka ukirudi kwenye mpangilio wa kuwaka. Likimisi silinda moja ambayo awali haikuwa na shida, ichomoe kofia yake uirudishe kwa nguvu, kisha itoe plagi uangalie kama imepasuka. Ukisikia pumzi ya chuf-chuf inayoongezeka ukikanyaga mafuta, plagi haijakazwa na mgandamizo unatoka pembeni mwake; zima kabla haijala thredi. Likitetemeka kwa ujumla huku plagi zote ziko sawa, kumbuka vitu ulivyosogeza ili upate nafasi: mpira wa hewa, soketi ya sensa, bomba la filta. Kimoja hakikurudi.

Likienda vizuri wiki mbili tatu kisha likaanza tena, toa plagi ya silinda ile ile uisome upya ukiilinganisha na ya zamani uliyoiandika namba. Ikiwa zimechafuka kwa namna moja, pima mgandamizo wa silinda zote, petroli na cheche vikiwa vimekatwa, injini ina moto wake wa kawaida na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu. Ikipungua, mimina kijiko cha oili kupitia shimo la plagi na upime tena: namba ikipanda, ringi ndizo zilizochoka, isipopanda, ni valvu au gasketi. Mpelekee fundi namba hizo pamoja na plagi zote mbili, ya zamani na ya wiki hizi, zimefungwa kwenye karatasi yenye namba ya silinda.